Kesho kazi iko? Namna mpango wa mwendelezo wa shughuli unavyomfikia mfanyakazi, na unavyompita

Jumatatu ya tarehe 7 Julai 2025, siku ya Saba Saba, kumbukumbu ya maandamano ya mwaka 1990 ya kudai vyama vingi, polisi waliziba barabara kuu za kuingia katikati mwa Nairobi tangu alfajiri. Watu waliokuwa wanawahi zamu walishushwa njiani. Wengine wakaendelea kwa miguu, wengine wakageuza kurudi nyumbani. Simu nyingi zilizopigwa asubuhi ile zilikuwa na swali moja: kazi iko?

Hilo ndilo swali ambalo mpango wa mwendelezo wa shughuli, yaani mpango wa kampuni wa kuendelea na kazi wakati wa dharura, unapaswa kumjibia mfanyakazi, na mara nyingi ndilo usilolijibu. Si kwamba mpango haupo. Benki zinalazimika kuwa nao, kwa sababu Benki Kuu ya Kenya iliuwekea mwongozo mwaka 2013 pamoja na miongozo mingine ya usimamizi wa benki. Kampuni zinazohudumia wateja wa ng'ambo huulizwa habari zake kabla ya mkataba kutiwa saini. Kwa hiyo hati ipo: kurasa sitini, sabini za Kiingereza cha wanasheria, jedwali la hatari lenye rangi tatu, saini ya mkurugenzi mkuu, na nafasi yake katika faili la mkaguzi. Kinachokosekana ni njia ya kutoka kwenye faili hilo hadi kwa mtu aliyesimama stejini Githurai saa kumi na moja alfajiri, akijiuliza kama apande gari au arudi kulala.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo ofisini huchanganywa. Mpango wa kuhama jengo unahusu roho za watu: moto ukizuka tutokee wapi, tukutane wapi. Mpango wa kurejesha mifumo ni wa watu wa kompyuta: seva ikifa, data itatoka wapi. Mpango wa mwendelezo wa shughuli ni mpana kuliko yote miwili. Unauliza ni kazi zipi haziwezi kusimama hata siku moja, nani atazifanya, akiwa wapi, kwa vifaa gani, mpaka hali itulie. Kiwango cha kimataifa cha kazi hii, ISO 22301, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2019, hakiishii kwenye kuandika. Kinalitaka shirika liwe limeamua mapema litawasiliana kuhusu nini, lini, na akina nani, kwa njia gani, na msemaji ni nani. Ukichunguza siku yoyote ya vurugu, utakuta mambo hayo matano ndiyo yaliyotangulia kupotea.

Picha moja ya mwaka 2020

Wafanyakazi wengi wa ofisini Nairobi wana picha moja tu ya dharura vichwani mwao, nayo ni ya korona. Kisa cha kwanza kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akawataka waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani isipokuwa wale wa huduma muhimu, na tarehe 27 Machi kafyu ikaanza. Tangu hapo, ukitaja mpango wa dharura, jibu ni moja: tutafanyia kazi nyumbani.

Jibu hilo lilifaa kwa sababu ugonjwa haukuzima stima wala kukata intaneti. Linganisha na yaliyofuata. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta abiria walikaa gizani baada ya jenereta kukataa kuwaka. Siku kama hiyo nyumbani ndiko mahali pabaya zaidi pa kufanyia kazi. Mwenye jenereta ni ofisi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikawa ya kuvutavuta Afrika Mashariki yote. Hapo pengine anayefanyia kazi nyumbani ndiye anayepaswa kuja mjini, ikiwa ofisi ina laini ya kampuni nyingine inayopita njia tofauti. Wiki chache kabla ya hapo mafuriko yalikuwa yamewahamisha watu Mathare na mitaa mingine ya kandokando ya mito, na kwa wafanyakazi wa huko swali halikuwa watafanyia kazi wapi bali watalala wapi. Kisha ikaja tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji wakaingia Bungeni, na siku hiyohiyo intaneti ikazorota.

Mpango ni ule ule, lakini agizo kwa mfanyakazi hubadilika kila mara: njoo, usije, baki hapo ulipo, hamia tawi lingine. Kampuni iliyowafundisha watu wake jibu moja imewafundisha kukosea mara tatu kati ya nne. Ndiyo maana nasema kazi ya kuwasilisha mpango si kusambaza hati. Ni kumfanya kila mtu ajue agizo lake litatoka kwa nani, kwa njia gani, saa ngapi, na afanye nini lisipofika.

Kila mtu na ukurasa wake

Tuseme kuna kampuni ya kusambaza dawa kule Enterprise Road, Industrial Area. Ina chumba cha baridi chenye insulini na chanjo, vitu vinavyotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ina stoo, madereva, watu wa mauzo, uhasibu na mapokezi. Mpango wake una kurasa sabini. Nani anahitaji kujua nini?

Mtu wa chumba cha baridi anahitaji nusu ukurasa, uliobandikwa palepale mlangoni. Stima ikipotea, usifungue mlango huu. Tazama saa, andika joto linaloonyeshwa nje. Jenereta isipowaka yenyewe katika dakika ulizoelezwa, mpigie fundi huyu. Asiposhika, mpigie huyu. Joto likifika nyuzi 7, mpigie msimamizi wa ubora hata kama ni saa nane za usiku, na huhitaji ruhusa ya mtu kupiga simu hiyo. Maneno hayo ya mwisho ni mazito kuliko yanavyoonekana. Katika ofisi zetu, kijana wa zamu ya usiku hufikiri mara tatu kabla ya kumwamsha bosi, na dawa za mamilioni zinaweza kuharibika angali anafikiri. Ukimpa mtu kazi ya dharura bila kumpa ruhusa ya kuifanya, hujampa kitu.

Mhasibu naye. Hati itakuwa imeandika kwamba kampuni inakubali kupoteza data ya siku moja kwa upeo, na kwamba mfumo wa hesabu lazima uwe umerudi ndani ya saa nane. Watu wa teknolojia huelewa vipimo hivyo viwili vizuri sana. Cha kwanza ni umri wa nakala rudufu ya mwisho, cha pili ni muda ambao biashara inaweza kuvumilia bila mfumo. Kwa mhasibu ni hewa. Mwambie hivi badala yake: nakala huchukuliwa kila jioni saa kumi na mbili. Mfumo ukianguka saa tisa alasiri, kila ankara uliyoingiza tangu asubuhi imekwenda na utaiingiza upya. Kwa hiyo karatasi za leo usizitupe wala kuzipeleka stoo hadi kesho. Na mfumo ukiwa chini, kitabu cha ankara kiko droo ya pili, tutakitumia mpaka mfumo urudi. Hapo utaona anaanza kuuliza maswali, na swali lake la kwanza litakuwa la maana: je, funguo za droo anakaa nazo nani?

Dereva anahitaji kujua barabara zikifungwa akiwa na mzigo auegeshe wapi na amwambie nani. Mapokezi wanahitaji sentensi mbili za kumwambia mteja anayepiga simu, ili wasianze kubuni. Basi. Zile kurasa nyingine ni za kamati inayosimamia mpango.

Lugha pia. Kama stoo nzima huongea Kiswahili kuanzia chai ya asubuhi hadi kufunga mlango, ukurasa wa stoo uandikwe Kiswahili, tena kile wanachokiongea. Mimi huona ajabu kampuni inavyoweza kulipa mshauri pesa nyingi aandike mpango, kisha ikashindwa kumkalisha msimamizi wa stoo nusu saa auseme kwa maneno yake.

Dakika za kwanza hazina mkutano

Kuna sehemu moja ya mpango ambayo haiwezi kungoja ujumbe wa mtu yeyote, na Nairobi imeijua kwa gharama kubwa. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya bomu kulipuka kwenye Ubalozi wa Marekani, palisikika mlio mdogo. Watu katika majengo ya jirani wakaenda madirishani kutazama. Bomu lenyewe likafuata. Zaidi ya watu 200 walikufa, Jumba la Ufundi likaporomoka, na wengi walioponea wakaumizwa macho na vioo. Agizo ambalo lingewafaa lina maneno machache: ukisikia mlipuko, ondoka dirishani. Lakini agizo la namna hiyo lazima liwe ndani ya mtu tayari. Hakuna nafasi ya kulituma.

Tarehe 15 Januari 2019, shambulio la kigaidi kwenye majengo ya ofisi na hoteli ya 14 Riverside, Nairobi, lilionyesha upande mwingine. Watu 21 waliuawa. Wafanyakazi wengi wa ofisi za pale walijifungia vyumbani na chooni kwa saa nyingi, wakiwasiliana kwa ujumbe wa simu. Yule aliyefundishwa tu kwamba kengele ikilia shuka ngazi uende sehemu ya kukutania, alikuwa na funzo lisilofaa siku ile. Na kwa wale walio nje ya jengo liko funzo ambalo ni nadra kuandikwa kwenye mipango: usimpigie simu mwenzako aliyejificha. Simu ikilia inamtaja alipo. Mwandikie, au ungoje akuandikie. Msimamizi anayetaka kuhesabu watu wake kwa kupiga simu moja baada ya nyingine anaweza kuwaua kwa nia njema kabisa.

Nje ya dakika hizo, watu hawatii tahadhari mara wanapoisikia. Mwanasosholojia Mmarekani Dennis Mileti alitumia miaka mingi kuchunguza jambo hili, na alichokiona ni kwamba mtu akipata onyo hutafuta kwanza kulithibitisha: humuuliza jirani, hupiga simu nyumbani, hutazama wengine wanafanya nini. Si ukaidi, ndivyo binadamu alivyo. Nairobi tunalijua hilo bila kuambiwa. Ujumbe ukiingia kwenye grupu la kazi, sekunde kumi baadaye umo katika magrupu mengine matatu, ukiwa na swali, hii ni ya ukweli? Ujumbe unaofupisha muda huo wa kuulizana, kwa mujibu wa utafiti huo, husema unatoka kwa nani, hatari ni ipi, iko wapi, lini, na mtu afanye nini.

Ujumbe wenyewe

Tazama ujumbe wa aina ambayo kila mtu aliyeajiriwa jijini amewahi kuupata:

"Ndugu wafanyakazi, kufuatia hali inayoendelea, menejimenti inafuatilia matukio kwa karibu na imeanzisha mpango wa mwendelezo wa shughuli. Mnaombwa kuchukua tahadhari zote na kuwasiliana na wasimamizi wenu kwa mwongozo zaidi. Asanteni kwa ushirikiano wenu."

Umesomeka vizuri, na hauna kitu. Mtu wa stoo anayeishi Kitengela bado hajui kama aweke kengele ya saa tisa usiku. Sasa huu:

"Kesho Jumatatu stoo haifunguliwi asubuhi. Usitoke nyumbani. Msimamizi wako atakupigia kabla ya saa 11 alfajiri. Mshahara haukatwi. Ujumbe mwingine saa 3 usiku."

Una herufi 159 ukihesabu nafasi na nukta, na ujumbe mfupi mmoja wa simu hubeba 160. Jina la kampuni linatokea juu kama mtumaji. Umekwenda kwa watu wa stoo pekee. Watu wa mauzo wamepata wao. Kuwapa wote ujumbe mmoja mrefu, kila mtu atafute mstari wake, ni kuwaomba wasome vibaya.

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini zaidi. Wakubwa hupenda kungoja mpaka wawe na uamuzi kamili ndipo waseme, na kimya chao hujazwa na uvumi. Kutaja saa ya ujumbe ujao huwapa watu ruhusa ya kuweka simu chini. Lakini ukisema saa tatu, iwe saa tatu, hata kama utakachosema ni kwamba bado hamjaamua. Ukikosa mara moja, safari ijayo watamwamini yule jamaa wa grupu la wakazi wa mtaa kuliko wewe.

Na saa ya kutuma si jambo dogo. Anayetoka Rongai au Ruiru kuwahi zamu ya saa moja ameshaondoka nyumbani kabla meneja wa Kilimani hajaamka. Agizo la "usije" linalotumwa saa mbili kasorobo asubuhi limemkuta mtu keshalipa nauli, tena siku za vurugu nauli huwa imepanda maradufu. Uamuzi wa kesho ufanywe leo jioni. Ikishindikana, awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua alfajiri akiwa peke yake, bila kuitisha kikao, na wafanyakazi wote wajue cheo chake.

Kuhusu njia, kanuni ni kwamba zisitegemee kitu kimoja. Barua pepe na WhatsApp zote zinakula intaneti. Ikienda zimekwenda pamoja. Ujumbe mfupi na simu ya kawaida havihitaji bando, ingawa navyo hutegemea minara yenye betri zisizodumu milele stima ikikatika. Redio bado ipo, na kampuni kubwa inaweza kuwaambia watu wake mapema kwamba simu zikizima wasikilize kituo fulani. Njia ya zamani ya mnyororo wa simu, ambapo kila mtu ana watu watano au sita wa kuwapigia na wa mwisho humpigia wa kwanza kumthibitishia kwamba mzunguko umekamilika, bado inafanya kazi vizuri, kwa sharti moja ambalo hati husahau: kredito. Msimamizi asiye na kredito usiku wa manane ataishia kuwatumia watu wake "tafadhali nipigie". Kampuni iwawekee kredito hao wachache, mambo yaishe.

Kisha kuna matapeli. Wale jamaa wa "tuma kwa hii namba" hawapumziki siku za dharura. Ndiyo kwanza wanafanya bidii. Waambieni watu mapema, mchana kweupe, ni namba zipi na jina lipi la mtumaji vitakavyotumika, na kwamba kampuni haitaomba namba ya siri wala pesa kwa ujumbe wa dharura, hata uwe umetiwa jina la mkurugenzi.

Wasichouliza mbele ya bosi

Mkutano wa kutambulisha mpango huisha kwa "kuna swali?" na kimya. Maswali yapo, ila ni ya kuulizwa kwenye korido. La kwanza ni mshahara. Siku nisiyokuja kwa agizo la kampuni nalipwa? Na siku ambayo kampuni imesema njoo, nami njia imefungwa, je? Kibarua wa kutwa anahesabiwaje? Nauli iliyopanda analipa nani? Anayefanyia kazi nyumbani, bando ni ya nani? Kampuni isiyojibu haya kwa maandishi imewaachia watu wake wajibu wenyewe, na mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa atajibu kwa kutoka. Atapita katikati ya vitoa machozi kwa kuogopa kukatwa siku moja. Sioni namna ya kumlaumu.

La pili ni hofu ya kupunguzwa kazi. Mpango unapoonyesha idara "muhimu" na idara zinazoweza kungoja wiki mbili, mtu wa idara ya kungoja husikia kwamba hahitajiki. Baada ya mwaka 2020, watu walipopelekwa likizo bila malipo na wengine wasiitwe tena, hofu hiyo si ya kuwaziwa. Msimamizi aliseme jambo hili kabla halijaulizwa: orodha hii inahusu kazi zinazoanza kwanza baada ya kishindo, haihusu nani atabaki mwaka ujao. Kama kauli hiyo si kweli, basi tatizo la kampuni si la mawasiliano.

Ndiyo sababu mtu wa kuufikisha mpango ni msimamizi wa karibu, yule anayejua nani ana mtoto mchanga na nani anaishi na mama mgonjwa. Mkurugenzi afungue kikao kwa dakika tano kuonyesha jambo lina uzito, halafu atoke. Akibaki, hakuna atakayesema kwamba hajaelewa.

Wapo pia ambao hawaitwi kikaoni kabisa. Mlinzi wa lango na mama wa usafi mara nyingi wameajiriwa na kampuni nyingine, kwa hiyo hawamo kwenye orodha ya simu, hawana barua pepe, na hati haiwataji. Lakini saa nane usiku, maji yakianza kuingia stoo, anayeyaona ni mlinzi. Mama wa usafi, anayefika kabla ya wote, ndiye atakayenusa waya unaoungua. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inagusa mahali pa kazi na waliomo, na moto hauulizi nani alimwajiri nani. Mlinzi apewe karatasi yake: dalili gani ampigie nani, swichi kuu iko wapi, bomba kuu la maji linafungwa wapi, nani wa kufunguliwa lango usiku. Na kwa kuwa walinzi hubadilishwa mara kwa mara, karatasi ikae kwenye kibanda na ipokezanwe pamoja na kitabu cha zamu.

Si kila kitu kiambiwe kila mtu, hata hivyo. Mahali nakala rudufu zinapohifadhiwa, njia ya gari la pesa, nani ana funguo za sefu, hayo ni ya wachache. Na orodha ya simu za wafanyakazi na za jamaa zao wa karibu ni data ya watu, inayolindwa na sheria ya mwaka 2019. Ikusanywe kwa kazi hii tu na wenye nayo wajulikane. Kuirusha nzima kwenye grupu la watu mia mbili ili "iwe rahisi" ni kosa ambalo kesho huzaa simu za wauza bima na za matapeli.

Saini si ushahidi

Mwisho wa mafunzo fomu huzungushwa, kila mtu anatia saini kwamba ameusoma na kuuelewa mpango. Mkaguzi anafurahi. Saini hiyo inathibitisha kwamba kalamu ilikuwa na wino.

Kipimo cha kweli ni cha bei rahisi. Msimamishe dereva uwanjani umuulize: barabara ya Mombasa ikifungwa sasa hivi una mzigo, unafanyaje? Tuma ujumbe wa majaribio Jumamosi saa moja jioni, ukisema wazi kwamba ni majaribio, na omba jibu la neno moja. Utajua kabla ya saa tatu ni namba ngapi hazipatikani na ni wasimamizi gani hawakuendeleza mnyororo. Mazoezi ya kuhama jengo kwa ajili ya moto yanatakiwa kisheria, angalau mara moja kwa mwaka, lakini mara nyingi hutangazwa wiki nzima kabla, na watu hushuka ngazi na vikombe vya chai mkononi. Lifanyeni mojawapo wakati kiongozi wa ghorofa yuko likizo, muone kama naibu wake anajua kwamba ni naibu.

Zoezi la mezani nalo lina faida, hasa kwa wasimamizi. Watu wanane, saa moja na nusu, kisa kimoja kinachoongezewa ugumu kila baada ya dakika kumi: stima imepotea, jenereta ina dizeli ya saa nne, mwenye ufunguo wa tangi yuko Machakos kwa mazishi, mteja mkubwa anapiga simu. Hapo hati hujionyesha ilipotoboka, na hujionyesha kwa watu wenye uwezo wa kuiziba.

Kishindo kikipita, kuna ujumbe mmoja ambao makampuni husahau kuutuma: kwamba mpango umekoma. Bila huo, mhasibu ataendelea na kitabu cha karatasi huku mwenzake keshaanza kuingiza ankara kwenye mfumo, na kusawazisha hesabu hizo mbili kutachukua wiki. Utumwe na tarehe, saa, na nani anarudi wapi. Kisha ndani ya siku chache kila msimamizi awaulize watu wake nani hakupata ujumbe, nani aliupata akiwa ameshatoka, na nani aliupata asielewe. Majibu hayo yaandikwe na yarudi kwa kamati.

Namba za simu ndizo huoza haraka kuliko sehemu nyingine yoyote ya mpango. Watu hubadilisha laini, huhama Umoja kwenda Kitengela, hubadilishiwa msimamizi. Njia nyepesi ya kuziweka hai ni kuzipachika kwenye karatasi ya mshahara, kitu ambacho kila mtu hukifungua bila kukumbushwa. Chini ya makato yaandikwe namba yako tuliyo nayo, mtaa unaoishi, na jina la atakayekupigia. Ukiona mojawapo si sawa, mwambie karani wa mishahara kabla ya tarehe tano.